Kupimwa mlango wa kizazi hakumfanyi mwanamke tasa

Ujumbe unaorudi kila mara katika makundi ya simu ya kina mama hapa Lamu hudai kwamba anayepimwa saratani ya mlango wa kizazi hukatwa kinyama tumboni na hazai tena. Sivyo. Muuguzi hufungua uke kwa kifaa kiitwacho spekulamu, hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama iwapo pana baka jeupe. Kwingine huchukua ute kwa brashi ndogo ili vitafutwe virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu visa vyote vya saratani hii. Hakuna kifaa kinachofika ndani ya mfuko wa uzazi.

Nadhani mkanganyiko umo katika jina lenyewe, kwani wengi wetu husikia "kizazi" tukasahau "mlango". Tena tone la damu linaloweza kutoka baada ya kipimo, ingawa hukoma lenyewe, huogopesha. Kuchukuliwa kinyama ni uchunguzi mwingine, hufanywa baadaye kwa aliyeonekana na jambo la kutiliwa shaka.

Anayetaka hakika amwombe muuguzi amwonyeshe vifaa kabla hajapanda kitandani. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hata ukiwa umetumwa na shangazi unayemheshimu.