Juisi ya zabibu ya kusindika nyumbani: usiruke hatua mbili za kusubiri

Anayetaka kujifunza kusindika vyakula nyumbani aanze na juisi ya zabibu. Zabibu zina asidi nyingi. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi, kwa kawaida huwa kati ya 3 na 4. Bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake huweza kuua bila kubadili harufu wala ladha ya chakula, hawezi kukua penye pH isiyozidi 4.6. Ndiyo maana juisi hii husindikwa kwa maji yanayochemka kwenye sufuria kubwa ya kawaida, ilhali maharage na nyama ni lazima kwa mtungi wa presha, ambao hufikia joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Usichanganye juisi hii na ya karoti au tikiti, maana asidi itapungua na maelezo haya hayatafaa tena.

Asidi hiyo, hata hivyo, haizuii hamira wala ukungu. Hamira za asili huja na ganda la zabibu tangu shambani, na zikipata sukari ya juisi huigeuza pombe. Mwaka 1869, Thomas Bramwell Welch, daktari wa meno wa Vineland, New Jersey, nchini Marekani, alitafuta kinywaji cha zabibu kisicho na kilevi kwa ajili ya meza ya Bwana kanisani kwake. Alijaza juisi kwenye chupa, akaziziba, kisha akazichemsha chupa zenyewe ndani ya maji. Kuchemsha huko baada ya kuziba ndiko wengi wanakokuruka hadi leo, wakidhani juisi ikiingia ya moto inatosha.

Chagua zabibu zilizoiva na zisizo na ukungu, kilo 1.6 hivi hutoa karibu lita 1. Zioshe, zitoe kwenye vikonyo, zimiminie maji yanayochemka mpaka zifunikwe, kisha ziache zitokote polepole hadi maganda yalainike. Rangi ya juisi hutoka kwenye maganda, kwa hiyo usiyamenye. Usisage kwa blenda pia, kwani mbegu zikivunjika huachia uchungu usioondoka kwa sukari. Tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli. Ya alumini au shaba hushambuliwa na asidi.

Chuja kwa kitambaa safi kilicholoweshwa, bila kukikamua, maana ukikamua juisi itakuwa na tope. Kisha iweke kwenye friji kwa saa 24 hadi 48. Hapa watu hukosa subira, nami nasisitiza sana. Juisi ikipoa, chumvi ya asidi ya tatariki, iliyomo kiasili kwenye zabibu, huganda na kuzama chini pamoja na mashapo: chenga ngumu zinazong'aa kama vipande vya kioo. Ukiharakisha, chenga hizo zitajitokeza baadaye ndani ya chupa, na anayezikuta hushtuka akamwaga juisi nzima. Hazina madhara. Lakini ili usiwe na shaka, kabla ya kujaza pitisha kidole taratibu kwenye mdomo wa kila chupa. Iliyomeguka au yenye ufa iweke kando.

Baada ya kusubiri, mimina juisi safi polepole bila kuitikisa na uache mashapo. Ipashe moto, ongeza sukari ukipenda. Sukari hapa ni ya ladha tu, na zabibu zilizoiva vizuri kwa maoni yangu haziihitaji. Ikianza kuchemka, jaza chupa za kioo za kusindikia zikiwa bado za moto, ukiacha nafasi ya milimita 6 juu. Futa midomo, funga kwa vifuniko vipya.

Panga chupa juu ya wavu ndani ya sufuria, maji yakipita vifuniko kwa sentimita 2.5 au zaidi. Anza kuhesabu maji yakichemka kikamilifu. Kwa chupa isiyozidi lita 1, chemsha dakika 5 ukiwa chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, dakika 10 kati ya mita 300 na 1,800, na dakika 15 juu ya hapo, kwa sababu mwinuko ukiongezeka maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Wanaochemsha dakika 5 tu watangulie kuchemsha chupa tupu kwa dakika 10. Kugeuza chupa kichwa chini hakuchukui nafasi ya hatua hii.

Ziache zipoe saa 12 hadi 24 bila kukaza vifuniko. Bonyeza katikati ya kifuniko: kikibonyea na kurudi, chupa haikuziba, iweke kwenye friji uinywe mapema. Zilizoziba zihifadhi penye giza na ubaridi, na zitumie ndani ya mwaka 1 kabla ladha haijafifia. Chupa ambayo kifuniko chake kimevimba, au juisi yake inatoa povu au ina ukungu, imwage yote bila kuionja.