Ritani ya Agosti haikulipishi kodi Agosti

Kauli ni ile ile kila mwaka: ukiwasilisha mapema ritani ya kodi ya mapato, yaani taarifa yako ya mwaka ya mapato na kodi, utalipa mapema, na zaidi ya hapo unajipeleka mwenyewe mbele ya wakaguzi wa URA, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, kwa hiyo mwenye akili husubiri hadi Krismasi ipite. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, leo naiandika.

Mwaka wa mapato wa Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mtu binafsi ana miezi 6 baada ya hapo, kwa hiyo ritani ya mwaka ulioisha Juni mwisho wake ni 31 Desemba. Kodi inayobaki baada ya kutoa makato yote hudaiwa tarehe hiyo hiyo ya mwisho. Haidaiwi siku uliyobonyeza kitufe. Ukiwasilisha 20 Agosti na hesabu ikaonyesha unadaiwa 1,400,000, una miezi minne na ushee ya kuzitafuta, na riba ya asilimia 2 kwa mwezi haianzi kuhesabiwa mpaka 31 Desemba ipite. Usitoe PRN, ile namba ya kulipia kodi, kabla fedha haijawa tayari, kwa sababu ina muda wake wa kuisha. Kuwasilisha ni jambo moja, kulipa ni jambo jingine.

Na wakaguzi? Kinachomvuta mkaguzi ni tarakimu zisizopatana. Kampuni imeripoti kwamba ilikulipa milioni 60 kwa TIN yako, namba yako ya mlipakodi, wewe umeandika milioni 18. Pengo hilo ni lile lile Agosti na Desemba. Tofauti ni kwamba Agosti unaliona wewe kwanza.

Hapo ndipo penye uzito wote wa kuanza mapema, na ndipo watu wanapopita mbio. Nazungumzia kodi ya zuio ya asilimia 6, ile anayoikata anayekulipa kabla fedha haijakufikia. Chukua mshauri wa miradi aliye Gulu aliyetoa ankara ya 5,000,000 kwa shirika lililoteuliwa kuwa wakala wa zuio. Akaunti yake ya benki inapokea 4,700,000. Zile 300,000 ni kodi yake aliyokwisha kulipa, na anapaswa kuzitoa katika hesabu ya mwisho wa mwaka. Kosa la kwanza ni kuandika mapato ya 4,700,000. Mapato ni 5,000,000, kama ankara inavyosema. Ukiandika kilichoingia benki halafu ukadai na zile 300,000, umezitoa mara mbili.

Kosa la pili si lako, lakini linalipwa na mfuko wako. Makato yale hayakufikii kwa sababu tu fedha ilikatwa. Yanakufikia baada ya wakala kuwasilisha ritani yake ya zuio, akiwa ameandika TIN yako sawasawa, tarakimu zote 10. Tarakimu moja ikipinda, kodi yako imekaa kwenye jina la mtu mwingine, na wewe mfumo unakuambia unadaiwa. Barua ya shirika ikisema "tulikukata" haitoshi. Anayeweza kusahihisha ni wakala mwenyewe, kwa kurekebisha ritani yake ya mwezi ule. Sasa jiulize ni lini mhasibu wa shirika atakubali kufungua upya ritani ya Februari kwa ajili ya laki tatu zako: Agosti, au 29 Desemba akiwa kijijini na ofisi imefungwa?

Njia ninayoishika ni hii. Orodhesha ankara zote zilizolipwa kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, na kando ya kila moja andika aliyelipa, tarehe fedha ilipoingia, kiasi kamili na kiasi kilichokatwa. Halafu fungua akaunti yako kwenye tovuti ya URA, linganisha vyeti vya zuio na orodha yako, mstari kwa mstari. Usilinganishe jumla na jumla, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana na ukadhani mambo ni shwari. Kila mstari usio na cheti, andikia wakala siku hiyo hiyo: ankara namba fulani, tarehe fulani, TIN yangu ni hii, nahitaji cheti.

Lakini mapema si 2 Julai. Wakala ana hadi tarehe 15 ya mwezi unaofuata kuripoti alichokata, na mwajiri hali kadhalika kwa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Makato ya Juni hayana lazima ya kuonekana kabla ya 15 Julai, na wapo wanaochelewa. Anayekimbilia ritani siku ya pili ya mwaka mpya anaacha makato yake ya mwezi mzima nje. Ritani inaweza kurekebishwa baadaye, hilo ni kweli, ila marekebisho yanayopunguza kodi huzaa maswali na yanataka ushahidi. Katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba ndiyo nafasi nzuri.

Ipo sehemu moja ambayo vitabu huipitia haraka na mimi siipendi. Ankara ya 20 Juni iliyolipwa 8 Julai. Kama unahesabu fedha ilipoingia, mapato hayo ni ya mwaka mpya, na makato nayo yanakuja mwaka mpya, safi. Kama unahesabu ankara ilipotolewa, mapato ni ya mwaka uliopita lakini makato yameripotiwa Julai. Unabaki na mapato upande huu wa mto na kodi yake upande wa pili. Maelezo ya kuziunganisha yanahitaji karatasi, na hata yakiwa kamili siwezi kuahidi kwamba yatapokelewa bila usumbufu. Kwa mtu binafsi anayeruhusiwa kuchagua, mimi hupendelea hesabu ya fedha taslimu, mradi asibadilishe kila mwaka kulingana na upepo.

Wenye ajira mbili nao wasikilize. Mwajiri wa pili anatakiwa kukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, kwa sababu kiwango cha 235,000 kisichotozwa kodi umeshakitumia kwa mwajiri wa kwanza. Tuseme unapata 2,000,000 huku na 800,000 kule. Kwa viwango vilivyoanza 2012, wa kwanza anakata 502,000 na wa pili 240,000, jumla 742,000, ambayo ndiyo kodi halisi ya 2,800,000. Mambo yamepatana. Sasa yule wa pili asipojua kwamba una kazi nyingine, atakukata 142,000 tu. Pengo ni 98,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,176,000, na deni ni lako, si lake. Ukigundua Agosti unaweza kujipanga, na miezi iliyobaki ikakatwa sawasawa. Ukigundua mkesha wa mwaka mpya umekwama.

Pango lina ritani yake na hesabu yake: kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya pango lote linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama. Chumba cha 400,000 kwa mwezi kinazaa kodi ya 237,600. Riba ya benki na gawio vilivyokatwa asilimia 15 vimemalizana, havirudi kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka. Madaktari, mawakili, wahandisi na wahasibu wasijiweke kwenye kodi ya wafanyabiashara wadogo hata kama mauzo yao hayafiki milioni 150. Sheria imewatoa huko.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni watu kusahau kwamba ritani ya mwaka uliopita ndiyo mama wa makadirio ya mwaka huu. Mtu binafsi mwenye biashara hulipa kodi ya makadirio, anayoikadiria na kuitanguliza mwaka ukiendelea, kwa awamu nne: 30 Septemba, 31 Desemba, 31 Machi na 30 Juni. Anayengoja Desemba amekwisha kubahatisha awamu ya Septemba gizani. Na kubahatisha kuna bei. Makadirio yakiwa chini ya asilimia 90 ya mapato halisi yanayotozwa kodi, unatozwa asilimia 20 ya tofauti kati ya kodi ya makadirio yako na kodi ya hiyo asilimia 90. Umekadiria milioni 30, zimetoka milioni 50: asilimia 90 ni milioni 45, kodi ya zile milioni 15 katikati ni 4,500,000, adhabu ni 900,000. Hiyo ni juu ya kodi yenyewe. Makadirio yanaweza kurekebishwa mwaka ukiendelea, na anayejua tarakimu zake za mwaka jana ifikapo Septemba hafiki huko.

Je, mwajiriwa wa mwajiri mmoja, asiye na shilingi nyingine popote, awasilishe? Sheria haimlazimishi, mradi PAYE imekatwa. Kama niwashauri wawasilishe kwa hiari bado nayumba. Karatasi ni safi zaidi, lakini ni kazi ambayo sheria haikuwapa. Wanaonipa wasiwasi ni wale waliosajili biashara zamani ili wapate TIN, biashara ikafa, wakaajiriwa. Mfumo bado unangoja ritani yao kila mwaka, hata iwe ya sifuri. Ingia uangalie umesajiliwa kwa kodi zipi, na ile isiyokuhusu omba iondolewe.

Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000, kubwa kati ya hizo, kwa kila mwezi. Ritani ya sifuri iliyosahauliwa hadi mwisho wa Machi ni 600,000. Na ile asilimia 2 inapigwa juu ya kodi kabla ya kutoa makato, kwa hiyo usijifariji kwamba mwajiri na mashirika walishakukata yote. Hudaiwi kodi, lakini adhabu unadaiwa.

Anayeona kweli hatamaliza aombe muda kwa maandishi kabla ya 31 Desemba, na aeleze sababu. Muda hauzidi siku 90, na ni wa ritani peke yake: kodi yenyewe inabaki kudaiwa 31 Desemba, na riba itaanza kuhesabiwa hata kama barua ya ruhusa iko mkononi.