Jordan na besiboli: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukitaka kumchokoza shabiki wa Michael Jordan, nyota wa kikapu wa Chicago Bulls aliyeiacha ligi ya NBA mwaka 1993 akaenda kucheza besiboli, mtajie mchezo huo. Utasikia mengi, na nusu yake si kweli.

Dhana: Alikwenda kuaibika tu.

Kila anayemcheka huitaja namba .202, wastani wake wa kupiga mpira, bila kuichambua. Mwaka 1994, akiwa na Birmingham Barons, timu ya ligi ndogo ya Alabama, Jordan alipata mapigo safi (yanayomfikisha mpigaji kituoni salama) 88 katika zamu 436 zilizohesabiwa, yaani moja katika kila tano. Ni haba, hakuna wa kubisha. Mpigaji mzuri hupata tatu katika kila kumi, na Jordan alitolewa mara 114 kwa kukosa mipira mitatu.

Sasa tazama alikotoka. Alikuwa na miaka 31, na besiboli ya ushindani aliiacha tangu sekondari huko Wilmington. Kwa kawaida wageni wa mchezo huanzia madaraja ya chini. Yeye alitupwa daraja la Double-A, ngazi mbili tu chini ya ligi kuu, kwenye vijana wanaowinda nafasi ya kupanda. Mwanzoni alitamba, akapata pigo safi katika mechi 13 mfululizo. Kisha warushaji wakamsoma: wakaacha kumrushia mipira ya kasi iliyonyooka, wakamletea inayopinda ikikaribia gongo. Hapo ndipo alipoteseka. Hata hivyo alimaliza na vituo 30 vya kuiba, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo, na mapigo yake yakaiingizia timu alama 51. Msimu wa vuli alipelekwa Arizona, kwenye ligi ya vijana wenye vipaji, akapanda hadi .252. Kwangu mimi huyo ni mtu anayejifunza, tena kwa kasi.

Kocha wake, Terry Francona, baadaye alitwaa ubingwa wa dunia na Boston Red Sox mwaka 2004 na 2007. Naye amesema mara nyingi kwamba Jordan angepewa muda zaidi angefika ligi kuu.

Dhana: NBA ilimfungia kwa siri kwa sababu ya kamari.

Hii haifi. Kamari alicheza kweli, na NBA ilimchunguza. Uchunguzi ulifungwa Oktoba 1993 bila kumkuta na kosa la kuvunja kanuni za ligi, na hadi leo hakuna ushahidi wa adhabu ya siri. Kinachosahaulika ni kwamba baba yake, James, aliuawa Julai mwaka huohuo, na mzee huyo ndiye aliyetamani kumwona mwanawe kwenye besiboli.

Dhana: Aliichezea White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, kwenye ligi kuu.

Hapana. Mkataba ulikuwa wa ligi ndogo, chini ya Jerry Reinsdorf aliyemiliki White Sox na Bulls pia. Jezi ya White Sox aliivaa kwenye mazoezi na mechi za kirafiki.

Dhana: Aliacha kwa sababu alishindwa.

Wachezaji wa ligi kuu waligoma Agosti 1994, na mgomo ukavuka mwaka. Mwanzoni mwa 1995 klabu zilikuwa zikiandaa wachezaji wa kuziba mapengo, na Jordan akakataa kutumiwa kuwasaliti waliogoma. Machi akafungasha virago. Tarehe 19 ya mwezi huo alirudi Bulls dhidi ya Indiana Pacers, akafunga pointi 19, mgongoni akiwa na namba 45, ileile ya Birmingham.