Je, wajua kwa nini gari la Kijerumani linaitwa Rehema?

Mtu wa Stuttgart akikuambia kwamba mjomba wake anafanya kazi "kwa Daimler", anazungumzia kiwanda kilekile ambacho Mhispania au Mmarekani hukiita Mercedes. Sisi gari lenyewe likikatiza mbele yetu tunasema benzi, basi. Gari ni moja na majina matatu, na kila jina lina mwenyewe. Daimler alikuwa fundi. Benz naye alikuwa fundi, wa mji mwingine. Mercedes alikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi ambaye hakuwahi kukaza hata nati moja ya gari hilo.

Jina lenyewe si la Kijerumani. Ni la Kihispania, linatokana na Maria de las Mercedes, yaani Bikira Maria wa Rehema. Binti huyo angezaliwa Tanga au Kigoma, angeitwa Rehema na hakuna ambaye angegeuka kumtazama mara ya pili. Sasa Rehema amefikaje kwenye boneti la gari la wakubwa?

Tuanze na nusu ya jina tunayoitamka sisi. Carl Benz alikuwa na karakana Mannheim, kusini magharibi mwa Ujerumani. Tarehe 29 Januari 1886 aliandikisha hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) namba 37435 ya gari linaloendeshwa kwa injini ya gesi. Lilikuwa na magurudumu matatu, silinda moja, na nguvu isiyofika ya farasi mmoja. Mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 16 kwa saa, kwa hiyo kijana mwenye baiskeli na haraka zake angeliacha vumbini. Benz alikuwa fundi hodari lakini biashara ilimshinda. Karakana yake ya kwanza iliokolewa na mchumba wake, Bertha Ringer, aliyemwomba baba yake ampe mahari kabla ya ndoa ili amlipe mshirika aliyekuwa anamkwamisha Benz. (Mahari ya Kizungu, maana kule ilikuwa ikitoka kwa baba wa bibi harusi. Huku kwetu Benz angekuwa ndiye anayedaiwa.) Walioana mwaka 1872.

Miaka miwili baada ya hataza, gari lilikuwa bado halina wateja. Watu walilicheka, na Benz mwenyewe alikuwa mwoga wa kulitoa mbali na mji. Asubuhi moja ya Agosti 1888, Bertha aliamka mapema, akawachukua wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa 13, wakalisukuma gari polepole hadi mbali na nyumba ndipo wakaliwasha. Mume hakuambiwa. Safari ilikuwa ya kwenda kumsalimia mama yake Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, kwa barabara zilizochimbwa na magurudumu ya mikokoteni.

Hakukuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta yalipokaribia kuisha aliingia kwenye duka la dawa la mji wa Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika ambacho watu walikuwa wakikitumia kutoa madoa kwenye nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochunika, aliufunga kwa mkanda wa soksi. Kwenye milima watoto walishuka kusukuma, na kwenye miteremko breki za mbao zikalika hadi zikaanza kunuka, ndipo mama akamtafuta fundi viatu amgongomelee vipande vya ngozi juu yake. Fundi viatu yule alikuwa anatengeneza breki pedi bila kujua. Jioni walifika, Bertha akampigia mumewe simu ya maandishi kwamba wako salama. Aliporudi alikuwa na orodha ya kasoro, mojawapo ikiwa kwamba gari linahitaji gia ya kupandia mlima.

Mimi huona kwamba hii ndiyo safari ya kwanza ya gari duniani kwa maana halisi, yenye mafuta kuisha, fundi wa njiani na abiria kushuka kusukuma. Dereva yeyote wa barabara ya vumbi angemtambua Bertha kuwa ni mwenzake.

Kwingine, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka Mannheim, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walikuwa wamejifungia kwenye kibanda cha maua nyuma ya nyumba, huko Cannstatt karibu na Stuttgart. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani aliposikia nyundo usiku kucha alidhani wanatengeneza pesa bandia, akawaita polisi, nao walipoingia wakakuta vyuma tu. Wazo la Daimler lilikuwa tofauti na la Benz. Benz alitaka gari. Daimler alitaka injini ndogo, nyepesi, inayozunguka haraka, ya kupachikwa kwenye chochote. Aliipachika kwenye kitu kama pikipiki mwaka 1885, kisha kwenye mashua na kwenye gari la farasi. Nyota ya pembe tatu iliyoandikishwa mwaka 1909 inabeba ndoto hiyo, kwamba injini zake zisukume vyombo vya nchi kavu, majini na angani. Wanawe walikumbuka kwamba baba yao aliwahi kuweka alama ya nyota kwenye picha ya nyumba waliyokuwa wakiishi.

Hapo bado hakuna Rehema. Anakuja na baba yake, Emil Jellinek, mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akiishi Nice, pwani ya kusini ya Ufaransa, mahali ambapo matajiri wa Ulaya walikuwa wakienda kukimbia baridi na kuonyeshana mali. Jellinek aliwauzia magari ya Daimler, kina Rothschild, ukoo wa matajiri wa benki, wakiwemo. Alikuwa mteja wa kuudhi. Kila gari aliloletewa aliliona pole mno, fupi mno, dhaifu mno, na barua zake kwa kiwanda zilikuwa za kugomba. Aliingia kwenye mashindano kwa jina la bandia, "Monsieur Mercédès", kwa kumpenda binti yake aliyezaliwa mwaka 1889.

Machi 1900 ilikuwa mbaya kwa kiwanda. Tarehe 6 Daimler mwenyewe alifariki. Tarehe 30 dereva wao Wilhelm Bauer alipata ajali kwenye mashindano ya kupanda mlima wa La Turbie, karibu na Nice, akapoteza maisha. Magari ya wakati ule yalikuwa marefu kwenda juu na mafupi kwenda mbele, kwa kuwa kila fundi alikuwa bado anawaza mkokoteni ulioondolewa farasi. Kwenye kona ya ghafla kitu cha namna hiyo kinapinduka tu. Kiwanda kilitaka kujitoa kwenye mashindano. Jellinek alikataa, akaja na oda ya magari 36, thamani yake marki za dhahabu 550,000, kwa masharti. Gari liwe chini zaidi, refu na pana zaidi, injini iwe nyepesi na yenye nguvu zaidi. Na liitwe Mercedes.

Maybach akalitengeneza. Lilikuwa na fremu ya chuma, injini ya nguvu za farasi 35 iliyowekwa chini karibu na ardhi, na mbele yake rejeta ya vijirija vidogo zaidi ya 8,000, iliyofanana na sega la nyuki. Rejeta hiyo ndiyo iliyolifungua fumbo, maana magari ya awali yalichemka ovyo na kubeba mapipa ya maji kama ngamia, na hakuna aliyeweza kuongeza nguvu bila kuongeza joto. Machi 1901, kwenye wiki ya mashindano ya Nice, gari hilo lilishinda karibu kila kitu, na kiongozi mmoja wa chama cha magari cha Ufaransa akatamka kwamba zama za Mercedes zimeingia. Ukilitazama kwenye picha leo unaona gari. Ukitazama yaliyolitangulia unaona mikokoteni.

Jina likaandikishwa rasmi mwaka 1902. Mwaka uliofuata Jellinek akabadilisha hata jina lake la ukoo kuwa Jellinek-Mercédès, akitania kwamba huenda ni mara ya kwanza baba kuchukua jina la bintiye. Binti mwenyewe alifariki Vienna mwaka 1929, akiwa na miaka 39. Vita vya kwanza na mfumuko wa bei viliwabana mafundi wa pande zote mbili, na mwaka 1926 kampuni ya Daimler na ya Benz zikaungana. Nyota ya mmoja ikazungushiwa shada la majani la mwingine. Daimler alibaki kwenye karatasi za kampuni, na kwenye gari yakaandikwa majina mawili: la mtoto wa mteja, na la mume wa Bertha.

Kwa hiyo mvuto wa gari hili uliasisiwa na mteja tajiri aliyetaka kupita wenzake. Hilo halikuwahi kulitoka. Katika miaka ya 1930 lile kubwa lililoitwa 770 lilikuwa gari la Hitler na wakubwa wake, na historia ya kiwanda wakati huo ni chafu. Mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake walikuwa watu walioshurutishwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe imekiri hivyo.

Mwaka 1963 likaja la 600. Hilo halikutumia mota za umeme kufungulia vioo, kwa sababu mota hupiga kelele. Vioo, viti na hata mfuniko wa buti vilisukumwa na mafuta yenye shinikizo kubwa yaliyopita kwenye mabomba ndani ya bodi, hivyo kioo kilipanda kimya, kwa nguvu ya kuweza kumuumiza mtu aliyesahau kidole. Yalitengenezwa 2,677 tu hadi mwaka 1981. Orodha ya waliokuwa nayo ni ya ajabu: Papa wa Roma, wanamuziki, Mao wa China, Tito wa Yugoslavia, na huku kwetu Idi Amin na Mobutu.

Hapo Kiswahili kikatoa hukumu yake. Baada ya uhuru, wananchi wa Kenya na Tanganyika waliwaona viongozi wapya wakishuka kwenye magari meusi yaleyale waliyokuwa wakishuka wakoloni, wakawapachika jina: wabenzi. Ukali wake uko kwenye herufi mbili za mwanzo. Kuna Wahehe, kuna Wakamba, kuna Wadigo, na sasa kumezaliwa kabila jipya lisilo na mkoa wala lugha yake, linalotambulikana kwa gari. Neno hilo limevuka mipaka hadi kwenye magazeti ya Kiingereza, ambako huandikwa vilevile bila kutafsiriwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 halikutaja gari la mtu, ila lilipowakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, kila msomaji aliwaona wabenzi kati ya mistari. Kenya nayo mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa waziri wa fedha, serikali iliwaagiza mawaziri warudishe magari makubwa na wapande yenye injini isiyozidi cc 1,800. Waliyonunuliwa yalikuwa Volkswagen Passat. Ukiwakataza Wajerumani, wanaingia kwa mlango wa pili.

Ila matajiri peke yao wasingelibeba gari miaka zaidi ya mia. Upande wa Bertha, wa gari linalotakiwa kufika, uliendelea pia. Mhandisi wa kampuni, Béla Barényi, aliwaza jambo ambalo hata leo kwenye gereji zetu ni gumu kulikubali, tunaposifia gari la bodi ngumu. Alisema gari gumu kote ni jeneza, kwa sababu likigonga ukuta na likakataa kukunjana, nguvu yote ya pigo inamfikia aliyekaa ndani. Acha pua na mkia vikunjane kama kopo, vimeze pigo, ila chumba cha abiria kisikunjane. Aliomba hataza mwaka 1951, na mwaka 1959 wazo hilo likawa gari linalouzwa. Siku hizi hakuna kiwanda cha maana kisichotengeneza hivyo. Mwaka 1978, pamoja na kampuni ya Bosch, wakaleta breki za ABS, zinazoachia na kukamata upesi ili tairi lisijifunge likateleza.

Na kuna zile za dizeli, za kina 240, ambazo hakuna waziri aliyezitamani. Pole kuondoka, zenye mngurumo wa mashine ya kusaga, na zilizokuwa teksi za nusu ya dunia. Dereva mmoja wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alinunua 240 ya mwaka 1976 ikiwa imeshatumika, akaiendesha hadi ikafika kilomita milioni 4.6. Alibadilisha injini mara kadhaa njiani, kama inavyotarajiwa. Umbali huo ni karibu safari sita za kwenda mwezini na kurudi. Mwaka 2004 aliipeleka Ujerumani, kampuni ikaipokea kwa ajili ya makumbusho yake na kumpa nyingine mpya, na bila shaka siku hiyo mita ya mpya ilipoanza kusoma sifuri alikuwa na pa kwenda.