Hata asiyepukutisha manyoya ana mate

Wauza mbwa wa mtandaoni wana maneno mawili matamu: "hana aleji". Picha ya kitoto cha Maltese kimefungwa utepe shingoni, bei chini yake, na ahadi kwamba hata mtoto mwenye pumu atalala naye kitanda kimoja. Halafu mama anaingia kliniki na mbwa kwenye kikapu mkono mmoja, mkono wa pili kashika mtoto anayefikicha macho, ananiuliza, "Dokta, mbona niliambiwa huyu hatoi manyoya?" Mama yangu, ni kweli hatoi. Aliyekuuzia hakudanganya kwenye manyoya. Alidanganya kwenye aleji, na hayo ni mambo mawili.

Leo nalisema kwa urefu, maana nimechoka kulisema kwa mafungu mlangoni. Kinachompigisha mtoto chafya ni protini ambazo kila mbwa anazo, kuanzia Poodle wa Masaki hadi yule anayelinda gereji Buguruni. Iliyochunguzwa kuliko zote inaitwa Can f 1, na hutengenezwa hasa kwenye ulimi. Mbwa anajilamba, mate yanakaukia kwenye manyoya, yanabanduka pamoja na mba, yanaelea hewani, yanatua kwenye kochi, kwenye pazia, kwenye sare ya shule. Unywele ni mbebaji tu. Hata Xoloitzcuintle wa Meksiko, ambao wengi wao karibu hawana manyoya, wana ulimi na wana ngozi.

Na si nadharia. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima manyoya ya aina zinazosifiwa kuwa salama na aina za kawaida. Kwenye manyoya, zile zinazosifiwa zilikutwa na Can f 1 nyingi zaidi. Zaidi, umesoma sawasawa. Hewani ndani ya nyumba hapakuwa na tofauti. Haki itendeke: sakafuni kwenye nyumba zenye Labradoodle, chotara wa Labrador na Poodle, walikuta kiasi kidogo kuliko kwingine. Lakini mwaka mmoja kabla, wenzao wa Detroit, Marekani, walikuwa wamepima vumbi kwenye vyumba vya watoto wachanga, na aina ya mbwa haikuleta tofauti yoyote ya maana. Kwa ushahidi wa namna hiyo, mimi singemlaza mtoto wangu mwenye pumu na mbwa yeyote.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wangelijua wangelipenda. Protini nyingine, Can f 5, hutoka kwenye tezi dume. Maana yake majike hawana. Mtu ambaye mwili wake unakataa hiyo peke yake anaweza kuishi vizuri na mbwa jike wa aina yoyote, hata German Shepherd anayejaza fagio manyoya kila asubuhi. Kipimo cha damu kinachotenganisha protini hizi kipo, ingawa si kila maabara inacho. Kwa hiyo kabla hujaja kwangu kuuliza aina ya mbwa, nenda kwa daktari wa binadamu ukaulize mtoto anakataa nini hasa. Mimi natibu wenye mikia.

Sasa hawa machotara wa Poodle, ambao bei yao inapanda kila nikigeuka. Umaarufu wao ulianzia Australia mwaka 1989. Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza wasioona, alitafutwa na mama mmoja asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na aleji. Poodle wengi wakajaribiwa, wakashindwa kazi. Akapandisha Poodle na Labrador, wakazaliwa vitoto watatu, sampuli za manyoya na mate zikapelekwa Hawaii. Aliyefaa alikuwa mmoja kati ya watatu. Tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja! Miaka ya baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta kuianzisha biashara ile. Muuzaji wa leo anakuuzia tumbo zima kwa ahadi ileile na hajapima mate ya hata mmoja.

Kwenye kupukutika kwenyewe, machotara hawa nao ni bahati nasibu, ila hapa angalau macho yanasaidia. Mtazame kitoto usoni akifika wiki 8 hivi. Akiwa na masharubu na nyusi zinazoanza kumfunika macho, amerithi aina ya jeni ya RSPO2 inayoleta masharubu, na huenda atapukutisha kidogo. Akiwa na uso msafi kama wa Labrador, usimsikilize muuzaji, nunua fagio.

Kingine wanachokificha ni kazi. Unywele wa Poodle hukua muda mrefu kabla ya kung'oka, na ukishang'oka hauanguki, unanaswa kwenye mikunjo ya wenzake. Usipouchana unafungamana. Huanzia nyuma ya masikio, kwapani, chini ya kola, katikati ya vidole. Nikipitisha mashine kwapani mwa mbwa aliyekaa miezi bila chanuo, bonge linatoka zima kama kipande cha mkeka, na chini yake ngozi ni nyekundu, ina majimaji, kupe wamejipanga wamenona. Mwenye mbwa ananiambia alikuwa anamwogesha kila Jumamosi. Ndiyo maana! Maji yanakaza mafundo. Chana kwanza hadi kwenye ngozi, kisha ogesha, kisha kausha hadi kwenye ngozi, hasa kwenye joto hili la Dar na unyevu wake. Kunyoa ni kila wiki 4 hadi 6. Mbwa wa Dar simwachii manyoya marefu ya maonyesho, namnyoa fupi, na ananishukuru.

Aina zenyewe nitazipitia haraka. Poodle ni mwerevu na anafaa, mradi chanuo lina mwenyewe. Miniature Schnauzer ni imara, anabweka, umpunguzie mafuta kwenye chakula. Maltese mifupa yake ni myembamba, mtoto wa miaka miwili atamwangusha. Shih Tzu ana pua fupi na joto linamtesa. Kama nyumba haina feni ya uhakika, mwache. Basenji, mbwa wa Kongo, ana manyoya mafupi, anapukutisha kidogo na habweki kama wengine, lakini geti likiachwa wazi utamtafuta mtaa wa tatu. Japanese Spitz anayeuzwa kwamba "hatoi manyoya" ana tabaka mbili za manyoya na anazimwaga zote mbili. Kwa kuwa huku kwetu urefu wa mchana, unaompangia mbwa msimu wa kumwaga, haubadiliki sana, usitegemee kwamba atamwaga msimu mmoja akapumzika. Na mbwa wetu wa kienyeji? Anapukutisha, ndiyo, vinywele vifupi vya kufagia. Hana mafundo, kupe unamwona kwa macho, joto analijua.

Swali linalonishinda ni hili: "Dokta, si atamzoea?" Wapo watoto waliokua na mbwa tangu uchangani na tafiti kadhaa zinaonyesha wanapata aleji kidogo kuliko wenzao, tafiti nyingine hazikuona hivyo. Nimeona familia ambapo chafya ziliisha zenyewe, nimeona nyingine pumu ikapanda hadi mbwa akahamishiwa kwa bibi. Hata kuogesha, kunakosaidia kweli, kunasaidia kwa siku chache tu. Ili ushike hali hiyo uogeshe mara mbili kwa wiki, na ngozi ya mbwa inaanza kulalamika. Ninachokisimamia bila kuyumba ni chumba cha kulala: mbwa asiingie.

Kama bado unamtaka, usichague aina, chagua mbwa. Mpeleke mtoto kwa mbwa yuleyule utakayemnunua, wakae ndani saa kadhaa, alambwe mikono, mrudi siku nyingine, mrudie tena. Mtoto akiwa na pumu kali, hata jaribio hilo lifanywe kwa ruhusa ya daktari wake. Na mwombe muuzaji akuonyeshe mama wa kitoto akiwa hai, amesimama mbele yako, umpitishie mkono mgongoni uone kinachobaki kiganjani. Ukiambiwa mama yupo shamba, au amesafirishwa jana, rudisha pochi mfukoni.