Redio ya programu: maana yake, na jinsi ilivyoingia mfukoni

Ukinunua gari lililotumika kutoka Japani, redio ndiyo itakayokusumbua kwanza. Unatafuta stesheni kutoka mwanzo hadi mwisho, unapata mbili tatu, nyingine zote hazipo. Redio haina ubovu. Japani matangazo ya FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya kule hukomea 90. Huku kwetu huanzia karibu 88 na kwenda hadi 108. Fundi anakuja na kidude kidogo kama kiberiti, anakifunga kati ya redio na waya wa antena, na stesheni zinasikika. Mafundi hukiita ekspanda. Kazi yake ni moja: kuyashusha mawimbi yote yanayoingia kwa kiasi kilekile, tuseme megahezi 14, ili stesheni ya 98 isikike ukiweka 84.

Tazama lakini kwamba redio yenyewe haikubadilika hata kidogo. Mipaka yake iliwekwa kiwandani, na ilipohama nchi ikabidi iongezewe kifaa kingine cha kuidanganya. Redio zote za kawaida ziko hivyo. Ipokee masafa gani, kelele ichujwe vipi, sauti itolewe namna gani ndani ya wimbi: kila uamuzi umefungwa ndani ya saketi. Redio ya programu ni ile ambayo maamuzi hayo yametolewa kwenye saketi yakapelekwa kwenye programu ya kompyuta. Ukibadilisha programu, umebadilisha redio. Asubuhi inapokea FM, mchana inasoma ishara za ndege, jioni inakuonyesha kama rimoti ya geti lako inaaminika, na hakuna waya hata mmoja ulioguswa.

Wengi huifahamu kwa herufi tatu, SDR, kifupi cha Kiingereza cha software-defined radio. Dhana si ngeni: mhandisi Mmarekani Joseph Mitola alianza kuitumia mwaka 1991. Kilicho kipya ni kwamba leo inakaa kwenye kiganja cha mkono.

Ndani yake mambo huenda hivi. Antena inanasa mawimbi, yakiwa dhaifu mno. Saketi ya kwanza inayakuza. Ya pili inayashusha, kazi ileile ya ekspanda, isipokuwa hapa ni programu inayoamua yashuke kwa kiasi gani. Ya tatu ndiyo roho ya mtambo: inapima nguvu ya umeme wa wimbi mamilioni ya mara kwa sekunde na kila kipimo inakiandika kama namba. Kila namba ni sampuli. Kuanzia hapo kinachobaki ni hesabu tupu, na hesabu ndiyo kazi ambayo kompyuta haichoki nayo.

Kuna jambo moja ambalo huwatatiza karibu wote wanaoanza: sampuli hizo huja mbilimbili. Kwa nini namba mbili badala ya moja? Mfikirie mtu anaendesha baiskeli mbele yako, nawe unamtazama kutoka nyuma. Unaiona pedali ikipanda na kushuka, lakini kwa kutazama pedali peke yake huwezi kusema kama anakanyaga kwenda mbele au anazungusha kinyumenyume. Mwenzako akitazama kutoka juu ataiona ikienda mbele na kurudi. Yeye peke yake naye hawezi kujua. Unganisheni mlichoona, na mzunguko wote uko wazi: upande, kasi, na pedali iko wapi sasa hivi. Wimbi la redio nalo ni mzunguko. Namba mbili ni macho mawili yanayolitazama kutoka pande mbili, na ndiyo sababu programu inaweza kutofautisha ishara iliyo juu kidogo ya katikati ya masafa uliyochagua na iliyo chini yake.

Kwa muda mrefu vifaa hivi vilikuwa vya majeshi, vyuo vikuu na kampuni zenye fedha. Mlango ulifunguka mwaka 2012. Kulikuwa na vijiti vya USB vya bei nafuu vya kutazamia televisheni ya dijitali kwenye kompyuta, ndani yake mkiwa na chipu ya Realtek iitwayo RTL2832U. Antti Palosaari, mtaalamu wa Linux, aliona kwamba chipu hiyo inaweza kutoa sampuli zikiwa ghafi, kabla hazijageuzwa kuwa picha. Watu wa mradi wa Osmocom wakaandika programu ya kuzichota. Kijiti cha kutazamia tamthilia kikawa redio inayopokea kuanzia takribani megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700. Kwa maoni yangu hakuna tukio lililowafundisha watu wa kawaida habari za mawimbi kuliko hilo.

Kijiti hicho kina mipaka miwili. Kinaona kipande chembamba cha masafa kwa wakati mmoja, yapata megahezi 2.4. Na kinapokea tu, hakirushi. Huo wa pili mimi sihesabu kuwa upungufu, nitarudi kwake.

Hatua iliyofuata ni HackRF One, kazi ya Michael Ossmann na kampuni yake Great Scott Gadgets, iliyoanza kuwafikia watu mwaka 2014. Inashika kuanzia megahezi 1 hadi gigahezi 6. Humo mna masafa mafupi, FM, simu za mkononi, rimoti za magari na Wi-Fi. Inachukua hadi jozi milioni 20 za sampuli kwa sekunde, maana yake unaweza kuiona bendi yote ya FM, kutoka 88 hadi 108, ikiwa imesimama mbele yako kwa mkupuo mmoja, kila stesheni ikiwa kilima chake. Tena inapokea na kurusha, ingawa si kwa pamoja: ni kama redio ya upepo ya askari wa wanyamapori, ukibonyeza kusema, husikii.

Namba zake zinaeleza pia udhaifu wake. Kila sampuli ina biti 8, yaani ngazi 256 tu kati ya kimya na kelele kubwa kabisa. Ukiwa karibu na mnara wa FM wenye nguvu, ishara dhaifu ya pembeni inamezwa, kama mtu anayekunong'oneza harusini ukiwa umesimama mbele ya spika. Na jozi milioni 20 kwa sekunde ni megabaiti 40 kila sekunde. Rekodi ya dakika moja inakula gigabaiti 2.4 za nafasi.

Bado hapo ulihitaji kompyuta ya mapajani. Jared Boone akatengeneza PortaPack, ubao unaopachikwa juu ya HackRF ukiwa na skrini, vitufe, tundu la spika za masikioni na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Matoleo ya baadaye yakaongezewa betri. Programu inayoziendesha PortaPack nyingi leo inaitwa Mayhem, inayotunzwa na watu wanaojitolea. Michoro ya vifaa vyote viwili iko wazi kwa umma, ndiyo maana viwanda vingi vimetengeneza nakala, nyingine nzuri na nyingine za kusikitisha. Kubebeka kuna gharama yake: kichakataji kilicho ndani ni kidogo, wala hakiwezi kuipelekea kadi megabaiti 40 kwa sekunde, hivyo ukiwa njiani unarekodi kipande chembamba tu. Lakini kutembea nako kuna faida ambayo meza haikupi. Unazunguka ukuta wa ghala ukitafuta kihisi kinachopiga kelele. Unapanda juu ya paa. Unasimama nje ya uzio na kuona ishara ya ofisi yako inafika wapi.

Hapa nisahihishe kosa ninalolisikia mara nyingi. Flipper Zero, kile kidude cheupe chenye picha ya pomboo, si redio ya programu. Ndani yake mna chipu ya CC1101 ya Texas Instruments, redio iliyokwisha kuundwa, inayofahamu aina chache za ishara katika vipande vitatu vya masafa chini ya gigahezi 1. Inatafsiri lugha ilizofundishwa. Redio ya programu inakupa sauti yenyewe jinsi ilivyo, hata ya lugha usiyoijua, na kazi ya kuielewa inabaki kwako. Mwezi Februari 2024 serikali ya Kanada ilitangaza nia ya kupiga marufuku vifaa vya namna ya Flipper kwa sababu ya wizi wa magari. Naelewa uchungu wa mtu aliyeibiwa gari, lakini nadhani walilenga pasipo. Magari mengi ya siku hizi hayafunguki kwa kurudia ishara iliyorekodiwa.

Kwa nini? Rimoti za zamani zilikuwa na kificho kimoja cha kudumu. Kila ukibonyeza, namba ileile inapita hewani, na yeyote aliyeinasa anaweza kuirudia kesho. Rimoti za baadaye hubadilisha namba kila unapobonyeza. Gari linaikubali inayofuata na kuikataa iliyokwisha kutumika. Hata hiyo si ngao kamili: mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kifaa cha bei ndogo kinachozuia ishara isifike kwenye gari huku kikiirekodi. Mwenye gari anabonyeza mara ya pili, kifaa kinairusha ile ya kwanza, gari linafunguka, na namba ya pili inabaki mkononi mwa mwizi ikiwa haijatumika. Kamkar alitaka watengenezaji waweke muda wa kufa kwa kila namba.

Magari angalau yalipiga hatua. Mifumo mikubwa zaidi haikupiga. Usiku wa tarehe 7 Aprili 2017, ving'ora vyote 156 vya tahadhari vya mji wa Dallas, Marekani, vililia bila dhoruba wala hatari yoyote, na wakuu wa mji wakaeleza kwamba chanzo kilikuwa ishara ya redio, wala hakuna aliyeingia kwenye kompyuta zao. Mwezi Agosti 2023, huko Poland, takribani treni 20 zilisimama kwa sababu mtu alirusha hewani toni tatu ambazo kwa mujibu wa mfumo wao ni amri ya kusimama kwa dharura. Toni hizo hazikuwa na siri yoyote, na hakuna kilichothibitisha nani anayezirusha. Hata redio ya kawaida ingeweza kufanya hivyo. Mifumo ya aina hii ilitegemea kwamba hakuna atakayejisumbua kusikiliza, na redio ya mfukoni imekuja kutuonyesha jinsi tegemeo hilo lilivyokuwa jembamba. Ndiyo sababu namthamini mpimaji usalama anayelipwa kuzunguka na kifaa hiki kwa idhini ya mwenye jengo: anaona kabla ya mwingine kuona.

Wengi wanaovinunua hawatafuti udhaifu wa mtu. Wanasikiliza tu, na cha kusikiliza kipo tele. Ndege hutangaza namba yake, mahali ilipo na kimo chake angani kwenye megahezi 1,090. Kijiti cha USB na waya wa sentimita 7 hivi vinatosha kuziona zikikatiza angani. Meli kubwa nazo hujitangaza kwenye 161.975 na 162.025, na mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja mwenye antena juu ya paa anaweza kuzifuata zikisogea bandarini. Satelaiti za Meteor za Urusi hurusha picha za mawingu karibu na 137. Zile za Marekani za NOAA zilizowafundisha wengi kazi hii zilizimwa mwaka 2025, na nakiri bado nazikumbuka.

Kuna mambo kifaa hiki hakifanyi pia. Kuona wimbi si kulisoma. Utaiona Wi-Fi ya jirani ikiwaka kwenye skrini, na simu za 4G vilevile, lakini maudhui yamefungwa kwa ufunguo wa hesabu, na ubao wa HackRF haukupi ufunguo huo.

Sasa kuhusu kurusha. Masafa ni mali ya umma yanayosimamiwa: Tanzania na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda na UCC. Kurusha kunahitaji leseni au masafa yaliyoruhusiwa kwa matumizi ya wote, na kuziba mawasiliano ya wengine au kuyadukua ni kosa. HackRF ina sababu yake zaidi ya kuogopwa hapo. Nguvu yake haifikii hata miliwati 50, lakini haina chujio kwenye mlango wa kutokea, hivyo ukirusha kwenye masafa moja, mwangwi wake unatokea kwenye mengine ya juu ambayo hukuyakusudia. Yawezekana mwenye masafa hayo ni rubani. Ndiyo maana nilisema kijiti kisichoweza kurusha hakina upungufu: kinakufundisha yote ya muhimu bila kukuponza. Na ukishika HackRF, iweke mbali na redio ya upepo inayorusha, kwani mlango wake wa kupokea unaweza kuharibiwa hata na nguvu isiyofika nusu miliwati.

Jaribio la kwanza ninalompa kila anayeniuliza ni geti lake mwenyewe. Chomeka kijiti, weka antena ya sentimita 17, washa programu ya rtl_433 kwenye megahezi 433.92. Rimoti nyingi za mageti zinatumia hapo. Zilizotoka Japani au Marekani zitafute kwenye 315. Bonyeza rimoti, subiri, bonyeza tena, mara tano. Programu ikiitambua itakuandikia namba iliyopita hewani. Zikiwa tofauti kila mara, vizuri. Zikiwa tano zinazofanana, mpigie fundi aliyekufungia geti, umwombe kipokezi chenye namba zinazobadilika, na ukifika muda wa kukibadilisha, zifute kwenye kumbukumbu rimoti zote za zamani, pamoja na ile iliyopotea mwaka jana.