Bunge Linapowaenzi Maofisa wa Dawa za Kulevya: Azimio Lina Uzito Gani?

Habari ikitoka kwamba Bunge la Marekani limepitisha azimio la kutambua utumishi wa maofisa wanaopambana na dawa za kulevya, wasomaji wengi hudhani kwamba imetungwa sheria mpya, au kwamba maofisa hao wameongezewa mafao. Kwa kawaida hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Azimio si karatasi tupu, lakini uzito wake huonekana tu kwa mtu anayejua njia nyingine ambazo Bunge lingeweza kuzitumia kutoa shukrani zake.

Chombo kinachotajwa zaidi katika maazimio haya ni DEA, wakala wa kupambana na dawa za kulevya ulio chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani, ulioundwa Julai 1, 1973, wakati wa Rais Richard Nixon, kwa kuunganisha ofisi za serikali kuu ambazo hadi hapo zilikuwa zikigongana katika kazi moja. Mwaka 2008, wakala huo ulipotimiza miaka 35, uliletwa bungeni muswada wa azimio la kuwaenzi wanaume na wanawake wanaoutumikia.

Azimio la namna hii husomeka kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mfululizo wa aya zinazoanza kwa maneno "Kwa kuwa", na humo ndimo huwekwa historia ya chombo, kazi zilizofanyika na kumbukumbu ya waliopoteza maisha. Sehemu ya pili, ambayo mara nyingi ni fupi kuliko ya kwanza, huanza kwa neno "Imeazimiwa", na hiyo ndiyo pekee iliyo kauli ya Bunge lenyewe. Namshauri kila msomaji aanzie hapo chini na kuvitazama vitenzi: linatambua, linapongeza, linatoa pole kwa familia. Kama hakuna kitenzi kinachoelekeza fedha zitengwe au mtu fulani alipwe, basi hakuna senti itakayotoka hazina kwa sababu ya azimio hilo.

Azimio linalopitishwa na baraza moja, na hata lile linalopitishwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa matamko yanayofanana, halipelekwi kwa Rais wala halina nguvu ya sheria. Azimio la pamoja, ambalo ni aina ya tatu, hupelekwa kwa Rais, na akilitia saini huwa sheria kamili. Katika Baraza la Wawakilishi, maazimio ya pongezi mara nyingi hupitishwa kwa utaratibu wa kusimamisha kanuni za kawaida: mjadala hauzidi dakika 40, hakuna marekebisho yanayoruhusiwa kutoka kwa wajumbe, na theluthi mbili ya wanaopiga kura lazima wakubali. Wapo wanaouona utaratibu huo kama ishara kwamba jambo halikupewa uzito. Mimi nauona kwa upande wa pili, kwa sababu theluthi mbili haipatikani bila wajumbe wa vyama vyote viwili kukubaliana.

Lugha ya maazimio haya nayo ina sababu yake. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilijiwekea kanuni ya kukataa miswada inayotenga siku, wiki au mwezi kwa ajili ya kumbukumbu, kwa kuwa ilikuwa mingi mno na ilikula muda wa kutunga sheria. Tangu hapo waandishi wa miswada hawasemi tena kwamba Baraza linatangaza wiki fulani. Husema kwamba linaunga mkono malengo ya wiki hiyo.

Kabla ya kanuni hiyo, Bunge liliwahi kuitangaza Wiki ya Utepe Mwekundu mwaka 1988. Asili yake ni kifo cha mtu mmoja. Februari 7, 1985, Enrique Camarena, ofisa wa DEA mwenye umri wa miaka 37, alitoka katika ubalozi mdogo wa Marekani mjini Guadalajara, Mexico, akienda kula chakula cha mchana na mkewe, akatekwa njiani. Mwili wake ulipatikana Machi 5, ukiwa na alama za mateso. Watu wa Calexico, mji wa California alikokulia, walianza kuvaa kipande cha utepe mwekundu kumkumbuka, na ni desturi hiyo ya majirani ambayo Bunge liliikuta tayari inaishi, likaipa sauti ya taifa. Hadi leo shule nyingi za Marekani huiadhimisha kila mwaka mwishoni mwa Oktoba.

Hata hivyo, utepe haulipi karo ya watoto wa marehemu. Sheria iliyogusa upande huo ilipitishwa mwaka 1976, ikaweka malipo ya dola 50,000 kwa wategemezi wa ofisa wa usalama aliyeuawa kazini. Mwanzoni iliwahusu maofisa wa majimbo na wa serikali za mitaa tu. Wale wa serikali kuu, wakiwemo wa DEA, waliingizwa mwaka 1984. Kiwango kilipandishwa kuwa dola 100,000 mwaka 1988, kisha dola 250,000 mwaka 2001, na hurekebishwa kufuatana na gharama za maisha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo utambuzi wa Bunge ulipofika nyumbani kwa mjane, na azimio lolote la pongezi lipimwe kwa kuulizwa kama sheria kama hii ipo nyuma yake.

Kumbukumbu ya kudumu ina sheria zake pia. Azimio la pamoja la mwaka 1962, lililotiwa saini na Rais John F. Kennedy, liliitenga Mei 15 kuwa siku ya kuwakumbuka polisi na maofisa wengine wa usalama waliokufa kazini. Mwaka 1984 Bunge liliidhinisha mnara wa kumbukumbu mjini Washington, uliozinduliwa Oktoba 1991. Majina yamechongwa kwenye kuta za marumaru, na ndugu wa marehemu huweka karatasi juu ya jina la mtu wao, wakaisugua kwa penseli mpaka herufi zijitokeze, kisha wakaondoka nayo.

Maneno "wanaume na wanawake" yanayorudiwa katika maazimio haya yasipitwe haraka. Agosti 5, 1974, jengo la ofisi ya DEA mjini Miami liliporomoka na kuua wafanyakazi 7, na wengi wao walikuwa wanawake wa kazi za ofisini ambao hawakuwahi kubeba silaha. Nao ni watumishi wa kazi hiyohiyo, na azimio linalotaja maofisa wapelelezi peke yao huwaacha nje. Vilevile kuna Alfredo Zavala, rubani raia wa Mexico aliyeshirikiana na Camarena, akatekwa siku ileile na kuuawa naye. Aya za "Kwa kuwa" hazina kikomo cha idadi, na hakuna kanuni inayozuia jina la mshirika wa nchi nyingine kuandikwa humo.